Kusafisha Picha Bafuni kwa Mavyaa

Alhamisi, 9 Oktoba
Nimempiku Nelly, mpiga picha wa harusi! Nilimwambia binamu yangu Afiya kwamba picha za kamera ya Nelly zitazunguka simu za Mombasa nzima kabla hina haijakauka. Nelly alikuwa ameapa kumkabidhi Afiya kadi yenyewe ya kamera, asibaki na picha hata moja. Hilo sikulitaja. Kesho ni kupamba, sherehe ya kumwonyesha Afiya bibi harusi, wanawake peke yao, simu zinaachwa mlangoni. Nitapiga mimi, kwa kamera ya filamu ya marehemu baba. Na nitaisafisha mwenyewe nyumbani, jicho la mwanamume lisiione. Kusafisha sijui. Nitajua!

Jumamosi, 11 Oktoba
Bibi alikubali kupigwa picha! Mamake mama, wa Mambrui, ambaye hata picha ya harusi yake hana. Alivua mtandio, akakaa na Afiya, kikuba cha asumini kifuani, akacheka mpaka machozi. Kisha akanionya nisimtie aibu. Mimi? Aibu?

Leo nimechanganya dawa ya kusafishia filamu. Unga wa metoli na salfaiti umeletwa kutoka Mombasa. Maelezo yanasema metoli iyeyuke kwanza, salfaiti ifuate. Nikatia vyote pamoja, kwani sharbati si huwa hivyo? Ikafanya mabonge. Nimekoroga kwa mwiko hadi mkono ukafa ganzi. Magadi ya kufulia sina, nikatia ya kupikia kunde. Maelezo pia yanataka nijaribu kipande cha filamu kwanza. Majaribio ni ya waoga.

Jumapili, 12 Oktoba
Mavyaa kanusa. Siki ya kukatizia dawa, na harufu kama ya kiberiti! Akauliza kama nimezika paka bafuni, na jirani yuko pale pale anasikia. Basi nikafukiza udi, nikaingiza chetezo cha makaa bafuni, nikafunga mlango. Filamu haitaki mwanga hata chembe, kwa hivyo dirisha nikaliziba kwa blanketi, taa nikazima. Makaa tu yakawa mekundu, yananimulikia bakuli. Nikashukuru, maana niliona nifanyalo.

Filamu imetoka nyeusi. Yote, kichwa hadi mkia. Afiya hayumo. Bibi hayumo. Nimelia sakafuni, mtandio mdomoni nisisikike.

Jumatatu, 13 Oktoba
Afiya kapiga simu. Nikamwambia picha bado zimerowekwa. Akauliza, kama kunde? Nikacheka. Ole wangu, nilicheka!

Sokoni nikakutana na Nelly. Akanipongeza, akaomba nimfundishe kusafisha filamu. Ningefurahi zaidi kama angenitukana. Nikamwambia ni ufundi mgumu.

Jumatano, 15 Oktoba
Nimekwenda Mambrui kwa Bibi, na Afiya yuko huko. Nikatoa shikamoo yangu, nikakaa chini mkekani, nikasema yote, hata la Nelly na kadi yake. Afiya alilia, na hina bado mikononi.

Bibi akauliza chetezo kilikuwa wapi. Ndani. Akauliza kama makaa si moto. Ni moto. Na moto je, hauna mwanga? Uso wangu sikujua niuweke wapi. Nimelaumu metoli, nimelaumu magadi, makaa hata sikuyafikiria!

Nikasema aitwe Nelly. Bibi akakataa. Aliyeharibu ndiye atengeneze, alisema. Yeye Bibi atakaa na Afiya tena kesho, nipige upya. Lakini mtandio hatauvua mara ya tatu, ni mtu mzima, si mwanasesere.

Ijumaa, 17 Oktoba
Nilipiga jana. Bibi alicheka vizuri kuliko mwanzo. Afiya kanisamehe, akanibusu shavuni. Wallahi safari hii sirudii kosa.

Dawa imechanganyika bila bonge hata moja. Dirisha nimeziba, mlango nimefunga, taa nimezima, filamu imo bakulini. Ila mavyaa ana wageni sebuleni, na siki ni ile ile, kwa hivyo udi ni lazima. Lakini nimeerevuka! Chetezo nimekifunika kwa kawa la ukili, lile la kufunikia chakula. Kawa lina vitundu, ndiyo, lakini ni vidogo mno. Mwanga gani utapita hapo?

Naandika haya humu humu bafuni, nikisubiri dawa ifanye kazi yake. Mwandiko nauona vizuri tu.