Saa Nane Niliyoitafsiri Vizuri Kabisa

Leo nimeaibishwa mbele ya wakwe. Na naomba ieleweke mapema: sikukosea. Nilipatia! Ningekuwa nimekosea ningenyamaza, ningejifunika kanga nilale, yangeisha. Lakini mtu upatie, halafu uchekwe na ukoo mzima pamoja na jirani? Hapana. Hili nalisema.

Mnaonifahamu mnajua nina duka la vipodozi hapa Sofu, Kibaha. Mnajua pia nimemaliza tuisheni ya Kiingereza ya jioni kule mtaa wa Picha ya Ndege, miezi mitatu bila kukosa (siku za mvua sizihesabu). Na Mwajuma mnamjua, mtoto wa dada yangu, anakaa kwangu, anafanya kazi kiwandani. Huko kiwandani ndiko alikompata Ibrahimu. Fundi mitambo, mpole, anaswali. Kasoro yake moja tu: ni Mmalawi, na Kiswahili chake bado kichanga. Akiongea unaona kabisa anatafuta maneno, kama mtu anayepapasa funguo gizani.

Basi Ibrahimu akawaleta mjomba wake na mke wa mjomba kutoka Malawi, waende kumposea kwa wazazi wa Mwajuma, Kisarawe. Baba wa binti, shemeji yangu Mzee Kondo, ni mtu wa taratibu. Alhamisi akanipigia simu.

"Sauda, waambie hao wageni waje Jumapili saa nane mchana. Wazee wangu wanafika saa nane, na chakula kinaiva saa nane. Na taarifa uitoe wewe mtu mzima. Sitaki kusikia Mwajuma anampigia mchumba wake kupangiana saa ya kuposwa. Ni aibu."

"Sawa, shemeji."

"Na uwaambie kwa hicho Kiingereza chako. Tukione kazi yake."

Tukione kazi yake! Neno hilo lilinikaa moyoni.

Sasa jamani, saa ya Kiingereza ni mtego. Saa yetu inaeleweka. Jua likichomoza unaanza kuhesabu: saa moja, saa mbili, unaendelea na maisha. Wao wanaanza kuhesabu usiku wa manane, wamelala! Ukisema saa nane, kwao ni mbili. Ukisema saa mbili, kwao ni nane. Wengi wameteleza hapo. Mimi sikuteleza. Nilikaa mbele ya saa ya ukutani, nikaangalia mshale mfupi unapokuwa saa nane, nikajisomea kwa sauti mpaka mteja aliyekuja kununua mafuta ya nazi akaniuliza kama nazungumza naye. Ndipo nikapiga.

"Hello, Ibrahim. Sunday. Two o'clock in the afternoon. Kisarawe."

Akaniuliza:

"Two o'clock?"

"Two o'clock. In the afternoon!"

"Okay, Mama Mdogo. I understand."

Kaelewa! Mtu mwenyewe kasema kwa kinywa chake kuwa kaelewa.

Jana mimi na Mwajuma tukatangulia Kisarawe kusaidia kazi. Mzee Kondo akaniuliza nimewaambiaje. Nikamwambia. Akashtuka.

"Tuu? Si mbili hiyo?"

Nikacheka kile kicheko cha wasomi (nilikifanyia mazoezi pia). "Shemeji, mbili ya Kiingereza ni nane yetu. Wao siku yao inaanzia usiku wa manane."

Akamtazama dada yangu. "Watu gani wanaianza siku wamelala?" Lakini akakubali.

Leo sasa. Saa mbili asubuhi. Ya kwetu!

Ukungu haujatoka bondeni. Dada yangu Mwanaidi yuko jikoni anachagua mchele. Mwajuma kachuchumaa uani anasugua sufuria la pilau kwa mchanga, ana masizi kwenye paji la uso. Mimi nimejipaka liwa uso mzima ili mchana ning'ae, na wakati nangoja ikauke nanyonyoa kuku. (Liwa mbichi na manyoya ya kuku havipatani. Yananasa. Sikulijua hilo mpaka leo.) Na Mzee Kondo, mtu wa taratibu, amevaa msuli na singlendi, kabeba mlango wa choo kichwani. Mlango mpya. Alikuwa anaupeleka ukafungwe, wageni wasije wakajisitiri kwa pazia.

Gari aina ya Noah likaingia uwanjani.

"Hodi! Asalaam aleikum!"

Mlango wa choo ukasimama katikati ya uwanja. Mzee akageuka, na mlango ukageuka naye, nusura umfyeke mjomba wa Ibrahimu aliyekuwa ndiyo kwanza anashuka. Mzee mrefu, suti ya kijivu, tai, mwalimu mstaafu.

"Waaleikumu salaam," likatoka jibu chini ya mbao. "Karibuni. Karibuni akina nani?"

Ibrahimu akashuka na kanzu nyeupe, anameremeta. Nyuma yake mke wa mjomba, mama mmoja mnene, mpole, na kilemba chake. Akaenda moja kwa moja hadi kwa Mwajuma pale kwenye sufuria, akamwomba kwa Kiingereza, taratibu kabisa, akawaite wenye nyumba. Alidhani ni msichana wa kazi! Mwajuma kwa aibu akajifunika uso kwa mikono. Mikono yenye masizi! Paji lililochafuka likawa uso mzima. Akakimbilia ndani. Yule mama akanigeukia mimi, akaniangalia kwa huruma nyingi, akaniuliza kama naumwa.

Mzee Kondo akautua mlango.

"Sauda."

"Abee, shemeji."

"Hii saa ngapi?"

"Saa mbili, shemeji."

"Ya nani?"

Swali gani hilo? Ya kwetu sote!

Dada yangu akanong'ona kutoka jikoni, "Wametuvizia hawa. Wamekuja kutuchungulia tunavyoishi." Na upande wa pili mambo yalikuwa yale yale. Mjomba wa mtu kasimama, mikono nyuma, anaangalia uwanja. Hakuna jamvi. Hakuna wazee. Baba mkwe kavaa singlendi. Mtu mmoja ana manyoya usoni. Akamwambia Ibrahimu neno fupi kwa lugha yao, na Ibrahimu uso ukamshuka. Baadaye nilikuja kuambiwa alisema nini: "Hawa hawatutaki. Mwambie dereva awashe gari."

Gari likawashwa kweli. Ndani Mwajuma akaangua kilio.

Hapo nikaona mtoto anakosa mume hivi hivi, kwa kosa lisilo langu. Nikaruka mbele ya Noah na kuku wangu mkononi.

"No! No go! Sit!"

(Najua. Hivyo ndivyo anavyoambiwa mbwa. Nilikuwa na haraka.)

Dereva akazima gari, nadhani kwa woga. Likaletwa jamvi. Jirani yetu Bi Mwanakombo akatokea na kikombe, eti anaazima chumvi, kisha akaketi na kikombe chake kitupu. Mzee Kondo, bado na singlendi, akakaa kama hakimu.

"Sauda, simama. Rudia ulichomwambia kijana. Neno kwa neno."

Nikasimama. Nikajisafisha koo.

"Two o'clock in the afternoon."

Mjomba akainua kichwa. Akaniomba nirudie. Nikarudia, safari hii kwa madaha kidogo. Akatikisa kichwa kukubali. "Correct, madam. Very correct." Ibrahimu akatafsiri kwa sauti ndogo: "Mjomba anasema Mama Mdogo yuko sahihi sana."

Mmesikia? Sahihi sana! Kasema mwalimu! Haki ya Mungu kisa kingeishia hapo leo ningekuwa naandika habari nyingine kabisa. Nikamgeukia Ibrahimu, mkono kiunoni.

"Sasa wewe baba, nimekwambia mchana. Umeleta watu asubuhi kwa nini?"

Ibrahimu akainamisha kichwa. Akaeleza polepole. Alipofika Kibaha, akapanga chumba Misugusugu, fundi bomba alimwambia kwa Kiingereza atakuja "four o'clock". Akamsubiri alasiri nzima. Kumbe fundi alikuja saa nne asubuhi, akakuta kufuli, akaenda zake. Kinyozi naye akamfanyia vivyo hivyo. Tangu hapo akajiwekea kanuni: Mtanzania akitaja saa kwa Kiingereza, jumlisha sita. Nilipomwambia mbili, akajumlisha sita, akapata nane, na nane ya Kiingereza ndiyo saa mbili yetu. Posa haifanyiki usiku, basi ni asubuhi.

Yaani mimi nimeigeuza saa, na yeye kaigeuza tena! Ikarudi ilikotoka kichwa chini!

"Na afternoon?" nikamuuliza. "Nilikutajia afternoon mara mbili. Uliitupa wapi?"

Akanitazama, akawatazama mjomba wake na Mzee Kondo. "Niseme, Mama Mdogo?"

"Sema!"

(Mtu mwenye akili angesema yaishe. Mimi nikasema sema.)

"Mama Mdogo, siku ya kwanza mimi nakuja kwako Sofu kusalimia. Jioni, giza limeanza. Mimi nagonga mlango. Wewe unafungua. Unacheka vizuri. Unasema, 'Good night.'"

Mjomba akakohoa.

"Mimi nageuka, naondoka. Nafikiri mama huyu ananifukuza. Mwajuma ananikimbilia mpaka barabarani. Basi siku ile najua. Mama Mdogo, moyo wako mzuri. Lakini asubuhi yako, mchana wako, usiku wako kwa Kiingereza, mimi siwezi kuamini. Pole."

Mzee Kondo akauliza, kwa utaratibu wake ule ule, "Hiyo gudi naiti maana yake nini?"

Mwajuma, mtoto niliyemlea, mtoto anayekula kwangu, akajibu kutoka nyuma ya pazia: "Lala salama, baba."

"Sauda. Ulimwambia mkwe wangu lala salama, hajaingia hata ndani?"

Bi Mwanakombo akalala chini na kikombe chake.

Nikajitetea. Ningeachaje? "Ilikuwa usiku, shemeji! Good ni njema, night ni usiku. Usiku mwema! Kosa langu liko wapi?"

Mzee Kondo akanitazama kwa upole uliouma kuliko kofi.

"Hata kwa Kiswahili, Sauda, usiku mwema huambiwa mtu anayeondoka."

Jamani. Jamani! Nikabandua unyoya mmoja puani. Na hapo ndipo walipocheka. Dada yangu wa tumbo moja alicheka ameshikilia nguzo ya kibanda cha jiko. Dereva alicheka. Mjomba wa Ibrahimu, yule yule aliyetaka kuondoka, alicheka mpaka akatoa leso, akamlalia Mzee Kondo begani, suti kwenye singlendi, kama watu waliotahiriwa pamoja. Nani aliyewapatanisha? Mimi. Nani aliyeshukuru? Hakuna.

Kwa kuwa wazee wetu walikuwa wanakuja saa nane, ikabidi wageni wakae tu. Wakapewa chai na mihogo ya kuchemsha. Mjomba akavua koti, akaenda kushikilia mlango wa choo Mzee Kondo agongee misumari, wakawa wanaelewana kwa vidole. Yule mama akajifunga kanga, akaninyang'anya kuku, akanionyesha kwa ishara kuwa nanyonyoa vibaya. (Nilikuwa nanyonyoa vizuri tu.) Mwajuma akaogeshwa, akavishwa, akatolewa nje anang'aa kama sahani mpya. Yule mama akamkumbatia, akamsifu, kisha akauliza yule msichana wa kazi yuko wapi, naye aitwe ale. Dada yangu akamwongezea chai.

Wazee walipofika saa nane, walimkuta mjomba, mposaji mwenyewe, ana nyundo mkononi na misumari mdomoni. Mmoja wao akauliza kama ndiye fundi. Posa ikaletwa, ikapokelewa, dua ikasomwa. Mwajuma amepata mume, alhamdulillahi. Siku ya harusi ilipotajwa, Mzee Kondo akatangaza mbele ya wote kwamba saa atawaambia mwenyewe, kwa Kiswahili, na Sauda asiguse simu. Sawa. Lakini nimelisikia, na nitalikumbuka.

Jua lilipokuwa linazama wageni wakaaga. Mjomba akanijia, akaniinamia kwa heshima zote, tai yake imejaa vumbi la mbao, akasema:

"Good night, madam."

Nikaganda. Anaondoka, kwa hiyo ni sawa? Au ananitega? Nimjibu evening? Giza halijaingia, au limeingia? Watu wote wananiangalia mdomo. Miezi mitatu ya tuisheni ikatoka kichwani kama maji kwenye chujio. Nikapiga goti.

"Shikamoo."

Ibrahimu alicheka mpaka ikabidi akokotwe na kufutwa machozi hadi kwenye gari.

Haya. Nimeshawasimulia, na ninajua mmeshaanza. Anayetaka kucheka acheke, lakini kwanza aandike hapo chini, kwa Kiingereza, sasa hivi ni saa ngapi. Halafu awaalike wakwe zake kwa saa hiyo hiyo, tuone watafika lini.