Firigisi ya Noeli

Jumanne, 16 Desemba

Asubuhi nzima redio inaimba theluji. Theluji! Nje mvua imeigeuza barabara ya Shituru kuwa uji, na huyo Mfaransa wa redioni anatetemeka kwa baridi. Nimezima. Halafu nimewasha tena, maana wazo limenijia: mji wetu wa Likasi unahitaji wimbo wake wa Noeli, wa kuchekesha. Didier, mtangazaji wa kipindi cha salamu, huniletea simu yake kila kioo kinapopasuka, kwa kuwa mimi ndiye fundi wake. Nimemwuliza. Kasema wasikilizaji wamechoka na kengele. Nikimletea wimbo wa kuchekesha, ataupiga asubuhi mpaka jioni.

Habari ya pili ni kubwa zaidi. Mama mkwe ametangaza kwamba siku ya Noeli ataniketisha mezani! Kwetu mkwe hali mbele ya mama mkwe wake mpaka mwenyewe amfungulie njia, na mimi miaka minane nakula barazani kama mlinzi. Mwanyumba wangu Floribert, aliyemwoa Claire, dada wa mke wangu, aliketishwa mapema sana. Tangu hapo kila Noeli hunipungia uma dirishani. Mwaka huu basi! Mke wangu Émérence amelia kwa furaha. Kaniomba kitu kimoja tu, nisifanye mipango yoyote. Mimi? Mipango gani?

Jumatano, 17 Desemba

Nimejaribu wimbo wa Baba Noeli aliyekwama kwenye matope. Haukuchekesha. Nimejaribu wa mbuzi aliyekimbia kabla ya sikukuu. Nimemhurumia mbuzi.

Kisha njaa ikanikumbusha sahani yangu ya barazani. Firigisi ya kuku ni ya mwanamume wa nyumba, nani asiyejua? Lakini kila mama mkwe anapotutembelea, kuku hunifikia bila firigisi. Nasikia tu ikitafunwa ndani! Halafu kile kikohozi chake kabla ya kuomba aongezewe: viwili vifupi, kimoja kirefu. Wimbo umejiandika wenyewe.

Nimerekodi kwa simu, chini ya blanketi, ili mvua isisikike. Kiitikio: "Noeli, Noeli, Mwokozi amezaliwa, firigisi imekwenda, mkwe kaachiwa shingo!" Kisha kikohozi. Nimeimba kwa pua, na mwimbaji nimemwita Mkwe Njaa. Hakuna atakayejua.

Jumamosi, 20 Desemba

Wimbo umepigwa! Umepigwa tena! Dereva wa teksi ya Kakontwe anauimba huku akirudisha chenji. Watoto wa jirani wanakohoa badala ya kusalimia. Floribert, ambaye hajawahi kusifu kitu changu hata kimoja, anaupigia mluzi akifunga kamba za viatu. Nilitaka kupanda juu ya meza yangu pale sokoni nipige kelele kwamba ni mimi. Nimejizuia. Umaarufu wa kimyakimya ni mateso.

Jumapili, 21 Desemba

Kanisani, katikati ya mahubiri, mama mkwe amekohoa. Viwili vifupi, kimoja kirefu. Mabenchi ya nyuma yote yamecheka. Amegeuka, amekishika kilemba chake, amejitazama nguo kama anayetafuta doa. Nimeinamisha kichwa mpaka paji la uso limegusa goti. Sijawahi kuona haya namna hii ndani ya nyumba ya Mungu.

Mchana amekula kwetu. Redio ikaucheza. Hakujitambua! Nani anakijua kikohozi chake mwenyewe? Mimi nikiwa barazani nimemsikia akimwambia Émérence: "Masikini, ule mama wa mu wimbo. Bakwe ba leo habana haya. Minye namushukuru Mungu, Baba Carmel iko na haya." Baba Carmel ndiye mimi, kwa jina la binti yetu. Kisha akaagiza niletewe paja zima. Sikuweza kulimeza. Nimempa mbwa, naye amelila bila aibu yoyote.

Jumatatu, 22 Desemba

Nimemfuata Didier auondoe wimbo. Nimempigia mbuzi gitaa. Kasema: "Ah non, vieux! Bantu banauomba kila saa, weye unataka niutoe?"

Basi, mpango. Nitauzika kwa wimbo mwingine wa Noeli, wa kumsifu mama mkwe, mtamu mpaka meno yaume. Watu watausahau wa kwanza, mimi nitaketi mezani na dhamiri safi. Émérence ameuliza kwa nini nimejifunika blanketi mchana. Nimesema homa.

Jumatano, 24 Desemba

Nimejipalia makaa.

Wimbo wenyewe ulikuwa mzuri, sikatai. Lakini muziki wa kwetu bila libanga ni bukari, ugali wetu, bila mboga: lazima gitaa likipanda umtaje mkubwa fulani kwa jina, asikie heshima yake. Gitaa lilipopanda, mdomo ukajiendea wenyewe. Nikatupa libanga: "Mama Madeleine wa Shituru, mama wa wakwe wote!" Jina lake! Mkwe hatamki jina la mama mkwe hata akiwa anazama mtoni. Mimi nimelipeleka hewani mjini kote, tena kwa sauti yangu ya kawaida, maana kwa pua sifa hazisikiki tamu.

Tulikuwa sote kwa mama mkwe, wanawake wakinyonyoa kuku. Didier akatangaza kwa furaha kwamba huu ni wimbo mpya wa yuleyule Mkwe Njaa, bwana wa firigisi. Nikaimba humo redioni. Nikamtaja. Claire akaacha kunyonyoa. Floribert akaongeza sauti ya redio, muuaji yule. Kisha Didier akaunganisha na wimbo wa kwanza, na kikohozi kikajaa uani.

Mama mkwe alisikiliza mpaka mwisho. Akakohoa, na safari hii akajisikia. Akafuta mikono, akaingia chumbani, akafunga mlango. Émérence hakunigombeza. Angenigombeza ingekuwa afadhali. Alisema tu kwamba aliniomba kitu kimoja.

Alhamisi, 25 Desemba, Noeli

Nimebeba kiti changu mwenyewe kwenda barazani, bila kuambiwa. Punde Carmel akaja kuniita ndani. Mama mkwe alikuwa ametoa neno lake, na neno lake halirudi.

Akaniketisha kati ya Floribert na Claire. Kitambaa cheupe, glasi, wali, kuku wawili. Sahani yangu ilikuwa na kitu kimoja katikati: firigisi. Hakuna aliyecheka, hata Floribert.

"Kula, Baba Carmel," mama mkwe amesema polepole. "Baba ya Émérence alikuwa ananiachiaka firigisi kila Noeli. Anasema, ni yangu, lakini kula weye. Alikufa, njo nikaendelea kuikula. Nilizania munajua."

Sikujua. Miaka minane nje ya dirisha, sikuwahi kuuliza. Nimeitafuna mbele ya macho yote. Ilikataa kushuka. Nilitaka kusema samahani, kwa moyo wote nilitaka. Ikanikwama kooni, nikakohoa. Viwili vifupi, kimoja kirefu. Sikukusudia! Naapa kwa Mtoto Yesu, sikukusudia! Émérence amefunika uso kwa kitambaa cha meza. Mama mkwe ameinuka na kuniwekea maji, akarudi kuketi, hakunitazama tena.

Jumamosi, 27 Desemba

Siku mbili nimelala uso ukutani. Mdomo huponza kichwa, marehemu bibi yangu alisema. Nimeapa sitaimba tena maisha yangu.

Didier amepiga simu. Anataka wimbo wa kuchekesha wa Bonane, Mwaka Mpya uko mlangoni na redio haina kitu. Nimekataa. Nimekataa kwa ukali! Nimekata simu.

Halafu nimefikiri kwa utulivu. Kosa lilikuwa wapi hasa? Si wimbo. Wimbo mji mzima umeupenda. Kosa lilikuwa libanga: nimemtupia mtu aliye hai, mwenye masikio. Sasa baba mkwe je? Mzee anarudi usiku wa Bonane kumwuliza mke wake firigisi imekwenda wapi! Kuna kicheko humo, na machozi kidogo. Nitamtaja kwa majina yake yote matatu. Mjane atafarijika, ataniketisha tena, na safari hii nitapewa paja.

Nimempigia Didier. Kesho asubuhi utakuwa tayari. Hakuna hatari yoyote, marehemu hasikilizi redio.