Daktari, Umeniamshia Zamu Nzima

Kwa Daktari wa zahanati iliyo mkabala nasi,

Salaam nyingi. Mimi ndiye meneja wa kituo cha mafuta unachokiona dirishani kwako. Nakuandikia kwa masikitiko, ila kwa adabu.

Jumatatu ulimpokea mhudumu wangu wa pampu ya kwanza, ambaye sote tunamwita Shangazi. Miaka kumi na mmoja amejaza matangi ya watu bila kunung'unika. Ukampa kifaa apulize, kisha ukaandika kwamba mvuke wa petroli umemdhuru mapafu, aondolewe pampuni. Tangu hapo sina raha.

1. Zamani Shangazi alikohoa kwa heshima, nyuma ya pampu. Sasa anakohoa mbele ya wateja, tena kwa cheti.

2. Wenzake nao wanakohoa. Nilipowauliza walikuwa wapi siku zote, wakajibu, "Tulidhani ni mafua, bosi." Wahenga walisema aliyelala usimwamshe, wewe umeamsha zamu nzima.

3. Siku hizi wanajaza mafuta wamegeuza nyuso pembeni, kama watu waliogombana na gari. Mteja mmoja aliniuliza kama wamesusa. Nikawakusanya, nikawaeleza kwamba ile ndiyo harufu ya kazi, na mimi mwenyewe naivuta kila siku. Shangazi akashika kifua, akangoja pumzi imrudie, akasema taratibu, "Bosi, wewe unaivuta ukiwa ofisini, dirisha umelifunga." Nikatangaza kikao kimekwisha. Meneja kufunga kikao kwa sababu ya dirisha ni msiba.

4. Wanadai barakoa. Mteja atajuaje kwamba tunatabasamu?

Kwa hiyo naomba ufute cheti kile, uandike kingine kwamba kifua cha Shangazi kimebanwa na vumbi, umri au wajukuu. Ikishindikana, mwagize apumue kidogo kidogo akiwa kazini. Pumzi kamili atavuta nyumbani, kwa muda wake mwenyewe.

Wasalimie wauguzi wote, na yule mama wa mapokezi.

Wako mwenye afya tele,
Meneja

Nyongeza: Binti yangu amemaliza shule, na mama yake ameshikilia nimwajiri kwenye pampu ya pili. Kesho asubuhi namleta kwako. Tafadhali mkute na tatizo, lolote lile, umkataze kabisa kukaribia petroli. Mama yake nimeshindwa kumweleza sababu. Mtoto hajawahi kukohoa hata siku moja, Daktari, na ningependa abaki hivyo.