Matoazi Matatu Mazito Juu ya Kliniki ya Meno

Kwa Ndugu Mwenye Duka la Vyombo vya Muziki,

YAH: MATOAZI MATATU MAZITO ULIYOMWAZIMA BINTI YANGU

Nakusalimu kwa heshima zote, na pole kwa kazi ya kuwauzia watu vishindo. Mimi ni daktari wa meno. Kliniki yangu iko chini ya nyumba yangu, na juu ya kliniki, palipokuwa stoo, ndipo binti yangu alipopanga ngoma zake. Saa za kazi ni msaidizi wangu: ananichanganyia dawa ya kuziba meno, ananishikia taa, anawatuliza watoto. Jioni, na siku hizi hata saa ya chakula cha mchana, anapigia ngoma kundi la vijana wenzake. Wanapiga roki, tena ile nzito kabisa wanayoiita metali, ambayo mwimbaji wake hulia kama mtu aliyechelewa kuja kwangu. Jina nililompa mimi wameliweka kando. Wanamwita Nyundo.

Naomba ieleweke tangu mwanzo kwamba silalamikii kelele. Mtu asiyevumilia kelele hasomei meno. Ninacholalamikia ni huo utaratibu wa duka lako wa kumruhusu mteja kwenda na matoazi nyumbani, ayapige, ayalinganishe kwa raha zake, kisha arudishe asiyoyataka. Utaratibu huo umeniharibia nyumba kwa namna zifuatazo.

1. Umeivunjia heshima mashine yangu ya kutobolea meno.

Siku binti yangu alipofunga matoazi hayo kwenye stendi, kitini kwangu alikuwa jirani yetu mwenye bucha, mdomo wazi, gego la chini likisubiri kutobolewa. Toazi likapigwa. Bwana huyu hukata mifupa kwa msumeno kutwa nzima bila kupepesa jicho, lakini alinishika mkono akaniuliza kama ile ndiyo mashine. Nikamwambia hapana, mashine ni hii hapa. Akaitazama, akanijibu kwa upole ulioniuma, "Aa, kama ni hiyo tu, endelea daktari."

Ndugu yangu, mashine ile ilikuwa ikiwafanya watu wazima watubu. Sasa haimtishi mtu. Mwalimu mkuu mstaafu aliyefuata kitini aliniomba niiongeze kasi ili asisikie cha juu. Daktari wa meno asiyeogopwa ni kinyozi mwenye kiti cha bei mbaya, na hadhi hiyo nimeipata kwa hisani ya duka lako.

2. Umenigeuza sikio.

Hili hukulitangaza popote. Siku hiyohiyo, mgonjwa alipotoka, nilikwenda kusimama getini na glavu zangu mkononi ili nikasirike kwenye hewa safi. Toazi likapigwa tena. Nilishangaa. Ndani ya nyumba lilikuwa likipasua kichwa, lakini pale getini lilifika safi, limekaa sawa, kama lililooga njiani. Kumbe ndivyo yalivyo matoazi mazito: aliye karibu yanamkera, na utamu wake huenda kuwangoja walio mbali. Mpigaji mwenyewe hawezi kujua amepiga nini. Lazima awepo mtu wa pili, asimame kule watakakokaa wasikilizaji, amwambie.

Binti yangu akachungulia dirishani. "Baba, hapo getini linasikikaje?"

Nina udhaifu mmoja ambao mke wangu anaufahamu vizuri: nikiulizwa maoni, siwezi kukaa kimya. Nikamjibu, tena kwa kirefu. Tangu siku hiyo nimekuwa sikio rasmi. Kwanza getini. Kisha mbele ya bucha. Kisha pembeni ya duka la dawa, maana alisema ukumbi wa kweli ni mkubwa kuliko mtaa wetu. Wagonjwa wangu wananikuta nimesimama kando ya barabara na koti jeupe, macho nimeyafumba, nimeinamisha kichwa upande mmoja. Watatu wameshampa pole mke wangu.

3. Umenilazimisha kuwa na msimamo.

Kwa kuwa duka lako limebandika kwenye matoazi yote matatu maneno yaleyale, "zito, kwa muziki mzito", yasiyomsaidia mtu yeyote, nimelazimika kufanya kazi yako. Haya ni matoazi ya kishindo, yanayopigwa pale wimbo unapopasuka, na matokeo ya ulinganisho ni haya.

La kwanza ndilo nene kuliko yote. Ukiligonga kwa adabu halikujibu, linatoa mlio wa kifuniko cha sufuria. Siku ya kwanza mke wangu alikwenda jikoni kuangalia nini kimeanguka. Linataka lipigwe kwa nguvu zote za bega ndipo lifunguke, na likishafunguka halijui kunyamaza. Wimbo umekwisha, wapigaji wamepangusa jasho, lenyewe bado liko mlangoni linaaga.

La tatu ndilo linalong'aa. Sauti yake iko juu mno na kali. Nakiri linapita katikati ya magitaa yale bila kubisha hodi, lakini linapita na kwenye meno yaliyozibwa. Mimi nimeishi na neva za watu maisha yangu yote ya kazi, naijua sauti inayokwenda kuitafuta neva.

La pili sitalizungumzia kwa sasa.

Kuna neno moja zaidi hapa. Muuzaji wako, kijana yule mwenye hereni, alimwambia binti yangu kwamba toazi zito halipasuki. Alisema hivyo kwa sababu toazi jembamba alilokuwa nalo mwanzo lilipasuka ukingoni. Tafadhali mkalishe kijana chini. Mimi nakula kwa sababu ya vitu vigumu vinavyopasuka. Toazi jembamba likipigwa linayumba, linapunguza pigo. Nene haliyumbi, pigo lote linabaki ndani yake, na mpigaji mwenye hasira akiliendea moja kwa moja litampasukia kama gego lililouma kokwa. Linatakiwa kupigwa kwa kulipitia ubavu, kiwiko kikiwa kimelegea. Nimemfundisha binti yangu hilo mwenyewe, kwa mwavuli wangu, sebuleni. Nataja hili ili uone nimefikishwa wapi.

4. Sasa nafika kwenye shina la jambo, na naomba usome taratibu.

Binti yangu amepigiwa simu na kundi lingine, kubwa, la mji wa mbali. Mpiga ngoma wao ameacha. Wanamtaka yeye. Ngoma wanazo, stendi wanazo, hata chumba cha kulala wanacho. Kitu kimoja tu hawana, kwa kuwa kwa watu hawa ngoma unaweza kupiga za mwenzio, ila toazi kila mpigaji huenda na lake, kama mtu anavyokwenda na mswaki wake. Wamemwambia akishapata toazi linaloweza kusimama mbele ya magitaa yao, apande basi.

Bila shaka umeshaona hesabu yake. Asipopata toazi, haendi. Na mtu anayemwambia kama amepata au hajapata, ambaye neno lake analiamini kuliko masikio yake mwenyewe, ni mimi.

Kwa hiyo nimekuwa mwangalifu. Nikirudi kutoka duka la dawa namwambia la kwanza linaahidi, ila lisikilizwe tena kukiwa hakuna upepo. La pili nasema lina kasoro fulani ambayo siwezi kuieleza. La tatu nasema pengine, tusubiri masikio yangu yapoe. Ananisikiliza kwa makini, anaitikia kwa kichwa, anapanda juu kuanza upya, na mimi natembea kurudi pembeni ya duka la dawa nikiwa na furaha ambayo si ya mtu mwenye umri wangu. Mke wangu hasemi mengi. Juzi aliniuliza tu, huku anakunja nguo, "Hivi mume wangu, unachagua toazi au unachagua mkwe?"

Nikavaa koti langu, nikatoka kwenda kusikiliza tena.

5. Kutokana na hayo, naomba duka lako litekeleze yafuatayo bila kuchelewa.

Kwanza, mletee toazi la nne, na baada ya hilo la tano, na uendelee hivyo mpaka mimi nitakapostaafu. Ukiishiwa, agiza. Ikishindikana, tafuta toazi zito kiasi kwamba haliwezi kutoka mlangoni kwetu, kisha mshauri kitaalamu kwamba hilo ndilo linalomfaa. Nina nafasi ya kulihifadhi.

Pili, weka tangazo dukani kwamba toazi lolote la uzito huo haliuzwi kwa mtu ambaye hajaleta kibali cha mzazi, hata kama mtu huyo ana umri wa kuwa mzazi yeye mwenyewe.

Tatu, na hili naliomba kwa niaba ya umma, asiruhusiwe kuuziwa toazi mtu mwenye mkono mwepesi wa kuchanganya dawa ya meno. Mkono huo haupatikani ovyo. Mchanganyiko ukizidi maji, jino linavuja. Ukikauka, unabaki kwenye kijiko. Wa kwake haujawahi kuzidi wala kukauka. Na watoto wa mtaa huu hawaji kliniki kwangu, wanakuja kwake. Wakikaa kitini yeye huwapigia mdundo kidogo kwa vidole kwenye mkono wa kiti, wao wanauhesabu, na wakimaliza kuhesabu jino limeshatoka. Mimi nikijaribu kufanya hivyo, wanalia.

Nilikuwa nimeshafikiria ubao wa mlangoni uandikwe majina mawili. Sikumwambia. Nilidhani hakuna haraka, mtu mwenyewe si yuko hapo juu.

Sitaki aende. Nimezunguka kwenye vipengele vitano kulisema hilo, na wewe ni mfanyabiashara, muda wako una thamani, kwa hiyo nalirudia kwa ufupi: sitaki aende, na matoazi yako ndiyo yanayomchukua.

Natumaini utalishughulikia suala hili kwa uzito wake. Nisalimie wafanyakazi wote wa duka, akiwemo kijana wa hereni, ambaye sina kinyongo naye, na umwambie apite nimwangalie lile jino la mbele, nililiona alipotabasamu. Wasalimie na watu wa nyumbani kwako. Kama na wewe una mtoto anayepiga chombo chochote, mpe salamu mara mbili.

Ni mimi, mteja wako kwa kulazimishwa,

Daktari wa meno, nyumba yenye geti la kijani, utaisikia kabla hujaiona

Nyongeza:

Nilikuwa natafuta bahasha ya barua hii binti yangu aliposhuka ngazi, jasho linamtiririka, akaniomba nikasikilize kwa mara ya mwisho. Akasema leo niende mbali kadiri ninavyoweza. Nikapita bucha, nikapita duka la dawa, nikaenda mpaka kule barabara inapokata kona, mahali ambapo sikuwa nimewahi kusimama na koti langu. Alikuwa amekataa kuniambia atayapiga kwa mpangilio gani. Moja lilinifikia kama fununu. Moja lilifika kama filimbi ya mtu anayemwita mwingine. Moja likaja lote, zima, kwa wakati wake, likasema lililotaka kusema, likanyamaza. Watu waliokuwa wakipita waligeuka kutazama lilikotoka. Ndipo nikajua kwamba ni la pili, kama nilivyojua siku ya kwanza nikiwa getini, na kwamba aliyelipiga ni mpigaji hasa, si mtoto wangu anayepitisha muda juu ya kliniki.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa nimeshapanga maneno yale ya kusingizia upepo. Akanifungulia geti mwenyewe, akaniuliza, "Baba, lipi?" Akanitazama usoni kama watoto wale wanavyonitazama wakitaka kujua kama itauma.

Nikamwambia la pili.

Kwa hiyo achana na vipengele vyote vya hapo juu. La kwanza na la tatu atayarudisha mwenyewe kesho pamoja na barua hii, na nakuomba usiifungue mbele yake. Ila kama una mkoba wa matoazi ulio imara, wenye mikanda miwili ya mabegani, mchagulie mzuri na umwambie unatolewa bure na duka. Nitapita kukulipa mwenyewe. Toazi lile ni zito kweli. Mimi nitambebea mpaka kituo cha mabasi tu.