Chaja Inayosubiri Simu

Mwl. Zenon Sikazwe (mstaafu),
Sumbawanga.
Jumatatu, 9 Agosti 2004

Kwa Mwenyekiti wa Mtaa,
Ndugu Flavian,

YAH: KUCHOMOLEWA KWA CHAJA YANGU

Natumaini hujambo, wewe na nyumba yako. Mimi mzima, isipokuwa moyo. Usione ajabu mwalimu wako wa darasa la nne kukuandikia badala ya kuvuka barabara na kubisha hodi. Jambo likiandikwa linakaa kwenye faili, na hili nataka likae.

Mshtakiwa ni mke wangu, Klementina. Unamfahamu, amekulisha ugali wa ulezi mara nyingi tu. Kosa lake ni kuchomoa chaja yangu ya simu ukutani kila anapoiona.

Kabla hujacheka: ni kweli, sina simu. Binti yetu Redempta, aliyeko Dar es Salaam mwaka wa nne sasa, alituma chaja mwezi Desemba kwa mkono wa dereva wa basi, pamoja na kikaratasi: "Baba, pokea chaja, simu inafuata." Tangu lije hili soko huria vitu vinatufikia hivyo, vipande vipande. Nikaichomeka siku ile ile kwenye soketi ya sebuleni, ambayo ndiyo soketi pekee tuliyo nayo, nikaanza kusubiri. Huu ni mwezi wa nane. Malalamiko yangu ni haya:

1. Klementina anasema chaja isiyotumika haina kazi ukutani. Sasa nakuuliza kwa adabu, Mwenyekiti. Pale bombani watu wanapanga ndoo tangu alfajiri, kisha wanarudi nyumbani kupepeta ulezi wao. Umewahi kuona mtu anaondoa ndoo ya mwenzake kwenye foleni kwa sababu eti ni tupu? Si ndiyo maana iko kwenye foleni! Enzi za duka la ushirika niliweka jiwe kunishikia nafasi kwenye foleni ya sukari, likakaa siku mbili, hakuna aliyeligusa. Jiwe! Leo chaja nzima, yenye waya wake, haiheshimiwi ndani ya nyumba ya mwenyewe.

2. Anadai inakula umeme. Jumamosi nilichukua kiti nikakaa mbele ya mita saa nzima. Sahani ilizunguka, siwezi kusema uongo. Lakini wakati huo yeye alikuwa anapiga pasi sare ya kwaya kwenye soketi hiyo hiyo, na chaja yangu imelala juu ya kabati. Kwa hiyo uchunguzi umeonyesha kwamba chaja inayokula umeme ni ile iliyochomolewa.

3. Umeme wetu huu unakuja bila taarifa na kuondoka bila kuaga. Simu ikifika, umeme ukaja robo saa, na chaja iko kabatini, atalaumiwa nani? Mimi, bila shaka.

4. Wiki jana niliikuta ndani ya gunia la mbegu za ulezi. Eti ni pakavu. Nilimaliza asubuhi nzima na njiti ya kiberiti, nikitoa punje kwenye kile kitundu cha mbele.

5. (Hili nimelifuta. Lilimhusu mama mkwe.)

6. Alhamisi jumuiya ya kanisa ilisali kwetu. Kwenye maombi, Klementina akaomba kwa sauti kwa ajili ya wote wanaoharibu mali kwa ukaidi. Alikuwa amefumba jicho moja, la pili linatazama soketi. Watu wote wakaitikia, nami nikaitikia, ningefanyaje? Aliyeitikia kwa nguvu kuliko wote ni Masalu, yule jirani yetu Msukuma mwenye ng'ombe, ambaye hata Mkatoliki si, alikuwa amepita tu kuleta maziwa.

7. Juzi akaniambia kitu kisichotumika kichomolewe, kiwekwe kando. Hilo, Mwenyekiti, halikunichekesha. Mimi nimestaafu tangu mwaka 1999. Nimechomekwa kwenye kiti cha sebuleni, nakula, nakunywa chai, na hakuna anayenitumia kwa lolote. Je, nami nichomolewe? Nitiwe kwenye gunia la ulezi?

Sasa nikuambie ukweli, maana wewe ni kama mwanangu. Kila anapoichomoa naona kama anasema Redempta hatapiga. Barua za mtoto zimekuwa fupi siku hizi. Nimeanza kusahau sauti yake anapocheka, na jambo hilo linanitisha. Chaja ikiwa ukutani, mtu akiniuliza, "Mwalimu, simu vipi?" namjibu iko njiani, na mimi mwenyewe naamini.

Kwa hiyo naiomba ofisi yako itoe amri yenye muhuri, ibandikwe juu ya soketi. Chaja iandikwe kwenye daftari la mtaa kama mkazi wa kudumu. Mgambo apite mara mbili kwa wiki kuhakikisha ipo. Pasi itajijua yenyewe.

Nisalimie mama watoto, wajumbe wote, Masalu na ng'ombe wake, na hata mama mkwe wangu ukimwona. Klementina naye anakusalimu. Anadhani naandika habari za pensheni.

Ni mimi, ninayedai haki bila kukosa adabu,
Mwl. Zenon Sikazwe

Nyongeza: Kabla sijafunga bahasha, basi la mchana limeleta simu! Ina laini ndani, na betri mstari mmoja. Sijajua hata pa kubonyeza, ikalia. Klementina ndiye aliyebonyeza. Alikuwa Redempta, na kabla ya shikamoo akauliza, "Baba, ile chaja hamkuiacha ukutani muda wote huo? Zinaungua zile." Nikamjibu, aah, mwanangu, mama yako anaichomoa kila akiiona. Akacheka. Mwenyekiti, alicheka! Hapo hapo betri ikaisha. Tumeichomeka chaja, kimya. Imeungua, na sijui tangu lini. Naomba kesi ifutwe yote, na usimsomee Klementina, ambaye ndiye anayekuletea barua hii. Mpe tu chaja yako arudi nayo mbio. Hatujamaliza kuongea na mtoto.