Jinsi Sosthène Bagalwa Alivyopigana na Neno Run

Naanza kwa jina lake Mwenyezi, aliyewagawia wanadamu ndimi, na katika hekima yake akawapa Waingereza maneno machache ya kufanyia kazi nyingi. Sogeeni, enyi wahamiaji wa Burnsville na Apple Valley, nanyi wa Blaine mnaokaa mbali. Zimeni injini, vueni makoti, tulizeni watoto, niwasimulie habari za Sosthène Bagalwa, mwana wa Uvira, mkandaji wa unga, simba wa ghorofa ya juu, aliyepigana na neno la herufi tatu, likamwangusha kwanza kabla hajaliangusha yeye.

Ilikuwa asubuhi ya Februari, na theluji ilikuwa imefunika magari yote hata mtu hakulijua lake. Kiwanda cha mikate kilikuwa kimempa Sosthène mapumziko. Mkewe Emérance alikuwa kazini, na binti yao Kirezi, mkalimani mkuu wa nyumba ile, ambaye ndiye aliyezoea kupokea simu zote za Kiingereza, alikuwa shuleni. Simu ikalia. Shujaa akaipokea peke yake, bila ngao wala mkuki.

Alikuwa mwalimu wa Kirezi, mwanamke mwenye sauti ya upole. Akasema polepole, kama mtu anayemvusha mgeni barabara: "Kirezi is running for president. Is that okay with you?"

Sosthène alishika maneno makubwa mawili. La kwanza, running, alilijua kuwa ni kukimbia. La pili, president, alilijua tangu utotoni kwa Kifaransa. Akayaunganisha, na moyo ukamwenda mbio. Msimcheke bado. Mtu huyu aliikimbia Uvira na godoro kichwani, akakimbia tena kutoka huko alikokimbilia, na kila mara chanzo kilikuwa rais fulani, au mtu aliyetaka kuwa rais. Leo, katika nchi aliyoambiwa kwamba mambo hayo yamekwisha, mwanawe anakimbia kwa sababu ya rais.

Basi akakusanya Kiingereza chake chote, akakipanga safu kama jeshi, akakituma vitani: "No. Kirezi no run. Kirezi stay."

 Mwalimu akasema amesikitika, lakini ameelewa, na jina ataliondoa kabla ya saa ya chakula. Katika hayo yote Sosthène alisikia "sorry" tu. Akavaa koti juu ya nguo za kulalia, akashuka ngazi kwenda kumwokoa mwanawe.

Huko chini alimkuta jirani yake Abdulkarim, Mtanzania aliyekuja kusoma uhasibu akaishia kuajiriwa hapa hapa, akikwaruza barafu kwenye kioo cha gari.

"Shikamoo, Baba Kirezi. Mbona mbio?"

"Ndugu yangu, Kirezi anakimbia sababu ya président. Mwalimu amenipigia."

Abdulkarim akaacha kukwaruza. "Alisema running from president, au running for president?"

"For."

"Basi tulia. Hakimbii. Anagombea urais wa darasa."

Sosthène alimtazama kama mtu aliyeuziwa mbuzi akafungua gunia akakuta paka. Ndipo Abdulkarim akasimama wima, kikwaruzio mkononi kama upanga, akahutubu:

"Neno hilo, Baba Kirezi, lina mambo mengi. Gari hili likiwaka, lina-run. Pua yangu, unaiona, ina-run. Maziwa yakiisha nyumbani, tume-run out. Mwenye duka ana-run duka lake. Ukikutana na rafiki bila kutarajia, ume-run into him, hata kama mwenzio alikuwa amekaa kitako. Na mimi hapa nachelewa kazini, kwa hiyo niko running late, ingawa nimesimama."

"Na kukimbia kwenyewe?"

"Nako kumo."

Sosthène akafikiri. "Neno moja linafanya kazi zote hizo. Maneno mengine yalifukuzwa kazi?"

Wakaanza kucheka, lakini kicheko hakikufika mwisho, kwa kuwa hapo hapo Sosthène alikumbuka alichomjibu mwalimu. Alikuwa amemwondoa mwanawe katika uchaguzi, na kura, ingawa yeye hakujua, zilikuwa mchana ule.

Akapiga simu shuleni. Akapokea karani.

"My daughter Kirezi run," akasema Sosthène.

"She ran away?" karani akauliza kwa hofu.

"Anadhani mtoto ametoroka," akanong'ona Abdulkarim. "Sema stand." Maana katika Kiingereza alichosoma huko Moshi, wagombea husimama.

"No, no. Kirezi stand for president."

Karani akajibu kwamba Kirezi yuko darasani, na kwa kadiri ajuavyo, amekaa.

Abdulkarim akajikuna kichwa, akatafsiri kugombea kama kugombana, akanong'ona neno la tatu, nalo likawa baya kuliko yote.

"Kirezi fight for president."

Sauti ya karani ikabadilika. Akataka kujua anapigana na nani, na je, mwalimu ana habari.

"Nipe simu niongee mimi," akasema Abdulkarim.

Sosthène akaivuta kifuani. "Hapana, ndugu. Kinywa hiki kilimwondoa, kinywa hiki kitamrudisha. Kwa daktari mtoto ananisemea, benki ananisemea, hata dukani. Leo acha mimi nimsemee."

Akayaacha maneno yote makubwa ya Waingereza, na visawe vyake, na ndugu zake, akachukua yale madogo aliyoyamiliki.

"Madam. Kirezi want to be president. Papa say no. Papa not understand. Now Papa say yes."

Karani akacheka, kicheko cha mtu aliyetua mzigo. "Got it," akasema. "Papa says yes."

Kirezi alirudi alasiri, uso umemwiva. Alizoea kuwajibu wazazi wake kwa Kiingereza, lakini siku ile alianza kwa Kiswahili.

"Papa, mwalimu aliletewa maneno yako na karani, akayasoma mbele ya darasa lote. Wakaanza kuimba, Papa say yes, Papa say yes. Nilitaka kuingia chini ya meza."

"Unisamehe, mwanangu."

"Halafu wakanipigia kura."

Emérance aliingia na theluji mabegani, akasimuliwa yote toka mwanzo, tena kwa urefu. Akavua viatu, akaketi, akasema, "Vizuri. Rais atuoshee sahani."

Na rais akaziosha, baba yake akazifuta. Iandikwe basi, wajukuu wasome: hivyo ndivyo nyumba ya Bagalwa ilivyotwaa madaraka huko Burnsville, katika darasa la sita, bila risasi kulia, na mtu yeyote asilazimike kuhama.