Anatoli Mwana wa Elikana na Herufi Nyembamba za Kibirizi

Nyamazeni, enyi wachuuzi wa mawese na waanika dagaa! Mwenye kutafuna muhogo na ameze, mwenye mtoto na amnyonyeshe, nipate kuwasimulia vita iliyopiganwa mchana kweupe juu ya mchanga wa Kibirizi kando ya ziwa, baina ya Anatoli mwana wa Elikana, bingwa wa brashi, na mstari mmoja mwembamba.

Huyu Anatoli, baba wa Winfrida na baba wa herufi nono, ndiye aliyeandika majina ya boti zote ziendazo Mwamgongo, kwa herufi zenye mashavu na vivuli, herufi zilizoshiba ugali. Siku hiyo Mama Diana, mwenye boti mpya iitwayo KAZA, akamwonyesha simu. Humo mlikuwa na herufi za ajabu: kavu, zenye pembe, nyembamba kama miiba ya samaki mgebuka, A zake hazina mkanda tumboni, utadhani zimeteremka kutoka mwezini.

"Nataka hizi hizi, Baba Winfrida," akanena. "Ukishindwa, kuna kijana pale mtaani Mwanga ana mashine ya kukata herufi za stika. Nami nikienda kwake, wenye boti wote watanifuata."

Loo! Moyo wa shujaa ukanguruma kama injini ya boti. Akachovya brashi, akaivamia K. Mguu ukapinda kushoto, akaurekebisha kwa kulia. Ukapinda kulia, akaurekebisha kwa kushoto. Kuja kushtuka, K imenenepa kama kiboko mwenye mimba.

"Yooo! Hiyo itazaa mapacha!" akapaza sauti Eufrasia muuza dagaa, na ufuo mzima ukaangua kicheko.

Anatoli akaifuta kwa mafuta ya taa. Kisha akapanda juu ya ndoo, akahutubia:

"Enyi wanawake wa Kibirizi! Adui yangu si mstari. Adui yangu ni mkono huu usiojua kuacha! Sasa napiga mara moja tu, na nikitaka kurudia, nishikeni!"

"Tutakushika, tena vizuri!" akajibu Eufrasia, akaja akasimama nyuma yake, akamkamata shati.

Brashi ikashuka, swaa! K ikasimama. Akapiga A. Akapiga Z kama radi juu ya milima ya Kongo. Ikabaki A ya mwisho, na mguu wake wa mwisho, nao, ole wetu, ukatoka umeinama kidogo. Brashi ikainuka tena.

"Acha!" wakanguruma wanawake.

"Kidogo tu, mama zangu! Kidogo tu!"

"Baba Winfrida, acha!"

Akalia kilio cha simba, akaitupa brashi ziwani.

Mama Diana akatazama simu, akatazama boti, akarudi nyuma hatua kadhaa.

"Huo mguu umeinama," akasema.

Shujaa akafumba macho.

"Kama unakimbia vile. Umependeza! Stika ya nini tena?"

Vigelegele vikavuka maji. Basi wenye kalamu na waandike, wenye koo na waimbe: siku hiyo, kwa mara ya kwanza tangu ziwa lijae, Anatoli mwana wa Elikana aliuacha mstari ukiwa mstari.